Uzi: Zermatt kwa mfuko wa mwanafunzi, namna ya kufika na kula bila kumaliza hela

Mkibosho_Lausanne

Wakuu habari za jioni. Tangu niweke ile picha ya Matterhorn, ule mlima wa juu ya Zermatt, watu kadhaa wamenifuata pm na swali ni lile lile, ulitumia hela ngapi na ulikula nini huko, basi nimeona niandike hapa mara moja wote wasome, na mwenye uzoefu wake aongezee.

Nimezaliwa Kibosho. Theluji ya Kibo nimeiona asubuhi zote za utoto wangu mawingu yakiondoka, ila kuigusa kwa mkono nimekuja kuigusa Uswisi nikiwa mtu mzima. Ndio maana mtu akisema milima ya Alpi ni ya matajiri inaniuma kabisa, mimi nimeshaenda Zermatt mara tatu na hela niliyonayo ni ya masomo tu. Sio kwamba ni rahisi, hapana, Uswisi bei zake mnazijua, ila pale hela inaliwa na vitu viwili, usafiri na chakula cha mlimani, na vyote viwili vinadhibitika.

Kwanza mji wenyewe. Zermatt iko mwisho wa bonde, mita 1,600 na ushee, barabara ikifika pale imekwisha, na magari ya mafuta hayaingii. Ndani ya mji ni vigari vidogo vya umeme na miguu yako. Ukija na gari unaliacha Täsch, kilomita 5 kabla, unalipia maegesho kila siku halafu bado unapanda treni ya dakika 12 kuingia. Sasa wale wenye wazo la kukodi gari watu wanne mgawane mafuta, kwa Zermatt hesabu hiyo mpige vizuri kabla hamjatoa hela.

Treni ndio mpango. Kutoka uwanja wa ndege wa Geneva kuna treni ya moja kwa moja mpaka Visp, inapita Lausanne, Montreux, Sion, kaa upande wa kulia uione Léman, yaani ziwa la Geneva, lote mpaka liishe. Kama masaa mawili na nusu. Ukishuka Visp unabadili unapanda treni nyekundu ya Matterhorn Gotthard Bahn, reli hiyo imefika Zermatt tangu 1891, inapanda saa moja na dakika chache, na kwenye miinuko mikali utasikia mlio umebadilika, hapo gurudumu lenye meno limeng'ata reli ya katikati ili treni isiteleze. Anayeshukia Zurich, mfano mnaokuja na ndege kutoka Dar au Nairobi, pia ni kubadili pale pale Visp, jumla masaa matatu na nusu hivi.

Tiketi sasa. Mara ya kwanza nilinunua asubuhi ile ile stesheni, sina kadi yoyote, nikalipa bei kamili kwenda na kurudi na hela hiyo ingenilisha siku nne. Sijalala vizuri usiku ule. Mambo mawili nilikuwa siyajui. Moja, kadi ya nusu bei, Wajerumani wanaiita Halbtax na huku kwetu Lausanne demi-tarif, ni faranga 190 kwa mwaka wa kwanza kwa mtu mzima, ukiishi Uswisi safari chache ndefu tu imejilipa, na kwa wageni wa kutoka nje ipo ya mwezi mmoja. Mbili, kwenye apu ya SBB, shirika la reli la Uswisi, kuna tiketi za punguzo zinaitwa Sparbillette, zinatoka chache kwa kila treni na punguzo linaweza kufika asilimia 70, na ukiwa na kadi ya nusu bei unapata chini zaidi. Anayewahi ndiye anayepata. Siku za katikati ya wiki na treni za alfajiri ndio nimezikuta mara nyingi.

Ila tiketi hiyo ni ya treni ile tu uliyochagua. Safari ya pili tulikuwa wanne, mwenzetu mmoja akachelewa, tukamsubiri kwa huruma, treni ikaondoka na tiketi zetu zote nne zikawa karatasi, tukanunua upya. Treni yenyewe ikichelewa ukakosa ya kuunganisha hapo huna kosa, unapanda inayofuata. Ukichelewa wewe ni juu yako.

Chakula nitaandika post inayofuata, vidole vimechoka.

Mkibosho_Lausanne

Naendelea.

Mlimani bei ni hivi: rösti, hivyo viazi vya kukwaruza vilivyokaangwa kama chapati nene, na yai juu, nimeikuta kuanzia faranga 22 mpaka 28. Fondue ya jibini kwa mtu mmoja 30 na kitu. Supu ya shayiri 10 kwenda juu. Chai faranga 5, na maji ya kunywa ukiagiza mezani unaweza kulipishwa pia. Watu wanne mkikaa mchana mmoja na kuagiza bila kuangalia mnaamka na zaidi ya faranga 120.

Safari ya kwanza tulibeba chapati zetu, tukaingia mgahawa wa mlimani kukwepa baridi, tukaagiza chai moja moja na kufungua chapati mezani. Mhudumu akaja akatuambia tufunge chakula chetu au tutoke nje. Kanuni yake ilikuwa sahihi, lakini alivyoisema mbele ya watu, kwa sauti ile, hadi leo naikumbuka. Tukaenda kula kwenye benchi nje, nyuzi joto 12 chini ya sifuri. Sasa nilichokuja kugundua baadaye ni kwamba kubeba chakula sio aibu hata kidogo, Waswisi wenyewe ndio mabingwa, kwenye mabegi yao kuna mkate, jibini, tofaa na chupa ya chai ya moto, wanakaa nje juani wanakula kwa raha zao. Na baadhi ya vituo vina chumba cha kula ulichokuja nacho, uliza kwanza kabla hujafungua.

Manunuzi: ukitoka tu stesheni ya Zermatt mbele yako kuna Coop, na Migros ipo ndani kidogo. Tafuta bidhaa za bei ya chini, kwa Coop zimeandikwa Prix Garantie, kwa Migros M-Budget, karibu kila kitu cha msingi kipo, mkate, tambi, maziwa, mayai, maharage ya kopo, chokoleti. Jioni wakikaribia kufunga wanabandika stika za punguzo kwenye mikate na saladi na kuku, asilimia 25, wakati mwingine 50, mimi ndio muda wangu wa kuingia.

Hiyo Migros nina mapenzi nayo ya pekee, nitoke nje ya mada kidogo. Aliyeianzisha ni Gottlieb Duttweiler, mwaka 1925 Zurich, hakuwa na duka, alikuwa na malori matano yanazunguka mitaani na kuuza vitu sita tu, kahawa, mchele, sukari, tambi, mafuta ya nazi na sabuni, kwa bei chini ya maduka. Mafuta ya nazi jamani, Zurich, 1925. Wenye maduka walimpiga vita lakini akina mama walikuwa wanasubiri lori. Na mpaka leo supamaketi za Migros haziuzi pombe, 2022 wanachama walipigia kura jambo hilo wakakataa tena.

Mkate wa kubeba: kuna mkate wa mkoa ule wa Valais, Walliser Roggenbrot, wa rai, nafaka inayofanana na ngano, mzito, mgumu kwa nje. Zamani vijiji vya huko vilikuwa vinawasha tanuri la jumuiya mara mbili tatu kwa mwaka, kwa hiyo mkate ulitengenezwa ukae. Haupondeki kwenye begi, hauchachi haraka, vipande viwili na jibini umeshiba mpaka jioni. Chapati nazo zinakwenda ila zishike ndani ya koti karibu na mwili, ukiziacha kwenye begi la nje zinakuwa kama ubao. Ndizi usibebe, baridi inazifanya nyeusi zote.

Malazi yetu mara zote mbili za mwisho ilikuwa Täsch, nyumba ndogo ya kukodi yenye jiko, watu wanne. Kuna kodi ya mgeni kwa kila usiku, iweke kwenye hesabu mapema. Jioni tulisonga ugali wa polenta, ule unga wa mahindi wa Kiitaliano upo kila supamaketi, una chenga kidogo kwa hiyo chukua ule uliosagwa laini na uupike muda mrefu zaidi ya sembe, na maharage ya kopo, na kabichi. Chakula cha siku nzima kwa mtu mmoja hakikuzidi faranga 14.

Maswali karibuni.

Wa_Kilifi254

Asante sana kwa hii, imekuja wakati mzuri nasoma Zurich na tulikuwa tunapanga. Niseme tu kwa wale wanadhani theluji si yetu, kuna dada Sabrina Simader, amezaliwa Kilifi kwetu, akakulia Austria, akaiwakilisha Kenya kwa skii za kushuka mlima kwa Olimpiki ya Pyeongchang 2018. Nikiiona ile bendera pale niliamka kwa kiti. Swali langu, na skii zenyewe? Hujasema chochote kuhusu gharama ya kuteleza.

Mkibosho_Lausanne

Wa Kilifi sijasahau, nilikuwa naogopa kuwakatisha tamaa. Tiketi ya lifti Zermatt msimu ukipamba moto sio ajabu kukuta karibu faranga 100 kwa siku moja, na hapo bado kukodi skii, buti na kofia ngumu. Mimi nimeteleza siku moja tu katika safari tatu. Kama hujawahi kabisa kuteleza usianzie Zermatt, anzia vilima vidogo karibu na unapoishi, jifunze kuanguka na kusimama kwa bei ndogo, halafu ndio uje.

Lakini mlima unao hata bila skii. Treni ya Gornergrat inaanzia ng'ambo ya stesheni, ni ya meno na ya umeme tangu 1898, dakika 33 uko mita 3,089, Matterhorn yote mbele yako na barafu za kale pembeni. Kadi ya nusu bei inafanya kazi pale. Kati ya Rotenboden na Riffelberg kuna njia ya kuteleza kwa kigari cha mbao, unakaa tu unashuka, miguu ndio breki, nilicheka mpaka machozi yakaganda. Na usipotaka kutoa hata senti, kuna njia za kutembea zinasafishwa theluji majira ya baridi, ya kwenda Zmutt, ya kwenda Findeln. Lile daraja karibu na kanisa hapo mjini pekee linakupa picha ya mlima asubuhi ukiwa na rangi ya dhahabu.

Nguo usinunue mpya. Tafuta Brockenhaus, wenyewe wanasema Brocki, ni mitumba kabisa, jaketi la theluji na suruali nimepata kwa faranga 30 na vyote vizima.

Bint_Mkunazini

Assalam aleykum. Kaka umeandika vizuri lakini hukutufikiria sisi. Nipo Munich, nataka kuja na mume wangu Februari, kwenye chakula cha mlimani tufanye vipi kwa upande wa halali? Fondue nasikia ni jibini tu.

Mkibosho_Lausanne

Waaleykum salaam dada, nisamehe, swali lako ni la maana na ningelisahau watu wangeingia shimoni. Fondue SIO jibini tu. Ya kawaida inapikwa na mvinyo mweupe, na mara nyingi wanamalizia na kirsch, pombe kali ya matunda. Usiagize ukidhani ni salama. Kinachowafaa ni raclette, nayo asili yake ni huko huko Valais, jibini linayeyushwa na moto linakwanguliwa juu ya viazi vya kuchemsha, pembeni achari ya matango na vitunguu, ila angalia wasikuletee sahani ya nyama pembeni. Rösti mara nyingi inakuja na vipande vya nyama ya nguruwe, sema "ohne Speck", yaani bila hiyo nyama. Supu ya shayiri nayo uliza, wengi wanaipika na nyama ya kukaushwa. Soseji ya kawaida ya Uswisi, cervelat, ina nguruwe ndani yake, iacheni kabisa. Älplermagronen ni tambi na viazi na jibini na krimu, inaliwa na tofaa la kusaga, tamu sana, nayo wapo wanaoweka hiyo Speck kwa hiyo neno ni lile lile.

Kwenye mji kuna kebabu, bei 12 mpaka 15 hivi, muulize muuzaji mwenyewe nyama yake. Na mkija na nyama yenu kutoka Munich mkapika Täsch mtakuwa na amani zaidi, ila mkishatoka Umoja wa Ulaya kuingia Uswisi kuna kiwango cha nyama kwa mtu mmoja, ni kilo moja, msizidishe.

Bint_Mkunazini

Allah akulipe kheri. Hilo la fondue mimi nilishaila Munich kwa rafiki yangu, hakuna aliyeniambia. Nimesikitika lakini sikujua.

Mzee_wa_Bweri

Vijana mimi niko Musoma nasoma tu uzi wenu. Swali la mtu mzima: mtu anatoka Afrika kwenye jua anatumia hela yake kwenda kukaa kwenye barafu, anapata nini?

Mkibosho_Lausanne

Shikamoo mzee. Nitakujibu kwa kweli yangu. Babu yangu alikuwa mpagazi wa mlimani, alibeba mizigo ya wageni kuelekea Kibo miaka mingi, alifika mpaka kambi za juu lakini kileleni hakuwahi kupelekwa, kazi yake ilikuwa inaishia chini ya hapo. Alikuwa akituambia theluji inasikika chini ya kiatu kama mtu anatafuna muwa. Siku ya kwanza nilipokanyaga pale Gornergrat nilisimama nikasikiliza, na ni kweli mzee, ni muwa ule ule. Nikampigia mama simu nikaweka simu chini karibu na kiatu nikatembea hatua kumi asikie.

Mzee_wa_Bweri

Marahaba mwanangu. Nimekuelewa.

Buja_Torino

Ndugu zangu mimi ni Mrundi naishi Torino, nawapa njia nyingine. Upande wa pili wa mlima ule ule ni Italia, kijiji kinaitwa Breuil-Cervinia, kiko mita 2,050, mlima wenyewe Waitaliano wanauita Cervino. Malazi na chakula ni chini kabisa ukilinganisha na Zermatt, pizza nzima na kahawa unalipa hela ambayo Zermatt unapata supu tu. Kutoka bonde la Aosta unashuka Châtillon, pale kuna basi linapanda mpaka kijijini. Viwanja vya skii vya pande mbili vimeunganishwa, ukiwa na tiketi ya kimataifa unateleza asubuhi Uswisi mchana unakula Italia. Na tangu 2023 hata asiyeteleza anaweza kuvuka juu kwa vigari vya kamba mpaka upande wa pili, ingawa hiyo haina bei ndogo.

Onyo moja tu, saa za lifti ya mwisho ziandikeni kwenye mkono kama mtoto wa shule. Na upepo ukiwa mkali huko juu wanafunga mapema bila kujali uko upande gani. Jamaa zangu wawili walibaki Cervinia na vitu vyao viko Zermatt, kuzunguka kwa barabara ni masaa, teksi iliwagharimu kuliko likizo nzima. Na pasipoti au kibali cha kuishi mtembee nacho mfukoni, Schengen ni Schengen lakini ni nchi mbili.

Mkibosho_Lausanne

Buja umemaliza. Hata sisi huku wanaoteleza vizuri wanavuka kwa ajili ya chakula cha mchana tu wanarudi.

Mama_Twins_Bern

Naomba kuuliza kuhusu watoto. Wangu wana miaka 7, wawili. Nikiwaza tiketi nne za familia nakata tamaa kabla sijafungua apu.

Mkibosho_Lausanne

Dada usikate tamaa, hapo ndipo Uswisi wamewafikiria watu. Chini ya miaka 6 mtoto anapanda bure akiwa na mkubwa. Kuanzia 6 mpaka hajafika 16 kuna kadi inaitwa Junior, faranga 30 kwa mwaka kwa kila mtoto, na akiwa na mzazi wake anapanda bila tiketi nyingine. Kwa hiyo pacha wako ni faranga 60 kwa mwaka mzima, sio kwa safari. Nyie wawili mkiwa na nusu bei na mkawahi Sparbillette, kutoka Bern ni karibu, treni inapita handaki la Lötschberg la kilomita karibu 35 na saa moja tu mko Visp.

Panga hivi: ondoka Bern na treni ya alfajiri, chai ya maziwa na tangawizi iwe kwenye chupa mbili, sio moja, watoto baridi ikiwashika wanataka kitu cha moto kila baada ya nusu saa. Mayai ya kuchemsha, maandazi, karanga. Kigari cha mbao mnakodi, mtoto mmoja na mzazi mmoja. Saa nane mchana mshuke, jua likiondoka bondeni baridi inabadilika ghafla, na mkifika chini ingieni mahali pa joto mnunue chokoleti ya moto moja moja, hiyo msiwanyime, ni hela lakini ndiyo watakayoikumbuka.

Mama_Twins_Bern

Faranga 30 kwa mwaka? Nimeishi hapa miaka minne na nimekuwa nawakatia tiketi kila safari. Nafungua apu sasa hivi.

Wa_Kilifi254

Mkuu sisi tumepata ya Jumanne alfajiri kutoka Zurich, wanne, bei nimeangalia mara mbili sikuamini. Tukutane Visp? Sufuria ya kusongea ugali tubebe au iko huko Täsch?

Mkibosho_Lausanne

Sufuria ipo. Mwiko bebeni, vijiko vyao vinavunjika.